Rafu Isiyopigwa Msumari

Juzi mjukuu wa jirani yangu alinijia na keekee ya umeme mkononi. "Babu," akasema, "nataka kufunga rafu kwenye karakana yangu pale nyumbani, zile za kupandisha na kushusha. Nianze kutoboa wapi?" Nikamwuliza ukuta wake ni wa nini. Akasema ni ukuta tu, wa kawaida. Nikamwambia aweke chini hicho chombo akae, maana mtu anayetaka kutoboa ukuta asioujua ni sawa na anayekwenda kuposa bila kujua jina la baba mkwe. Alikaa kwa adabu, akatafuna punje za kahawa nilizompa, maana kwetu kahawa hutafunwa, akasikiliza kidogo, kisha simu yake ikalia akaondoka. Rafu yake nasikia imeshaanguka. Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi wengine, ambao bado hamjatoboa.

Naitwa Novati. Nimekuwa seremala tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru, kwanza Kaagya, baadaye Rubya, na nimestaafu kwa sababu magoti yalistaafu kabla yangu. Jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba ubao hauna hatia. Rafu ikianguka watu hulaumu ubao, hulaumu msumari, hulaumu fundi, wengine hulaumu jirani mwenye kijicho, wakati mkosaji amesimama pale pale amepakwa chokaa na hasemi kitu. Ukuta wa tofali la kuchoma unaweza kuuamini. Ukuta wa fito na udongo uamini nusu: ugonge kwa ngumi huku ukisogea taratibu, na mlio ukiwa mzito ujue nyuma yake kuna nguzo, hapo ndipo pa kupigia msumari. Lakini ukuta wa tofali bichi una adabu nyingi mno. Unapokea kila msumari unaopewa bila ubishi, na unauachia bila kuaga.

Aliyenifundisha hayo ni Ta Kalisti wa Kaagya. Kwetu "Ta" ni heshima ya mwanamume mzima, kama "Ma" ilivyo kwa mwanamke. Yeye alijifunza useremala misheni, kwenye kuta za tofali la kuchoma zilizojengwa na watu wasiokuwa na haraka ya kwenda popote. Aliporudi nyumbani, akajenga nyumba yake na chumba cha karakana ndani yake, kwenye kibanja cha ukoo katikati ya migomba na mibuni. Alijenga kwa tofali bichi kwa kuwa udongo ulikuwa bure, akafunga rafu kwa misumari mikubwa kama alivyofundishwa, kisha akamwita padri aje kubariki. Padri akabariki randa, akabariki patasi na misumeno, akainyunyizia rafu maji ya baraka, na alipogeuka tu kuelekea kwenye kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, rafu yote ikashuka nyuma yake kwa kishindo. Ta Kalisti alikisimulia kisa hiki bila kucheka. "Padri alibariki mbao," alikuwa akisema. "Ukuta hakuna aliyemwonyesha."

Tangu siku hiyo hakupiga tena msumari kwenye ukuta wake. Alifanya hivi, na ninyi mkiwa na ukuta wa namna ile fanyeni hivi. Juu ya ukuta, pale mapaa yanapokalia, kuna boriti iitwayo mtambaa panya. Yake ilikuwa pana, imejitokeza ndani kwa kiasi cha kiganja. Alichonga nguzo za mvule uliokauka vizuri, akazisimamisha zikigusa ukuta, kila moja kichwa chake chini ya mtambaa panya na mguu wake juu ya jiwe bapa. Kati ya mguu na jiwe aliacha upenyo mdogo, na humo akaingiza kabari mbili zinazopishana, moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto. Unagonga hii, unagonga ile, nguzo inapanda kidogo kidogo mpaka inabanwa kabisa kati ya jiwe na boriti. Kabla ya kukaza shusha timazi, maana nguzo iliyobanwa imeinama itabaki imeinama mpaka Kiyama.

Nguzo zote zilikuwa na matundu kutoka juu hadi chini. Ubao wa rafu ulikaa juu ya mikono ya pembetatu, na kila mkono ulikuwa na ulimi uliochongwa ukielekea chini kidogo, ili ukiuingiza kwenye tundu mzigo wenyewe uukaze badala ya kuuchomoa. Ukitaka rafu ipande unachomoa mikono, unaihamishia tundu la juu, basi. Kazi ya vitanda ikizidi, rafu zilisogea kupisha matendegu marefu. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, rafu ya chini ilipanda kupisha vikapu, kwa kuwa majuma hayo hakuna Kaagya aliyekuwa na akili ya useremala.

Hapo kwenye matundu pana mtego, na mimi niliuingia mzima mzima. Ta Kalisti alinipa nguzo moja nitoboe, na nyingine akampa binti yake Adelina, akatuambia tupime kwa shibiri. Shibiri yangu na ya Adelina hazikuwa na undugu wowote. Tulipoweka ubao, kopo la gundi likaanza safari kutoka upande wangu kwenda upande wake, likifuatwa na patasi. Nikasema nguzo yake ni fupi. Akasema mkono wangu ni mrefu kuliko kazi yangu. Mzee akatuacha tubishane mpaka tukachoka, kisha akachukua kifito, akakitia alama kwa kisu, akatuonyesha. Kifito kimoja, alama zile zile, nguzo zote. Msipime kila nguzo upya kwa futi, hata kama futi yenu ni ya chuma na imetoka ng'ambo, jicho huteleza. Kifito hakina jicho.

Huyu Adelina lazima niwaeleze vizuri. Alikuwa mtoto pekee wa Ta Kalisti aliyekua. Wengine waliwazika wangali wadogo. Aliolewa Rubafu, akakaa huko miaka bila kupata mtoto, na wakwe zake wakamrudisha kwa heshima zote, yaani walimpa mtu wa kumbebea sanduku. Watu wa Kaagya walimwonea huruma kwa sauti kubwa, hasa kanisani. Baba yake hakumwonea huruma hata kidogo. Siku ya pili alimpa randa. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke, nimeshatengeneza milango inayofungika, na nasema kweli nilikereka kufundishwa kwenye benchi moja pamoja na mwanamke. Nilikereka zaidi nilipoona mbao zake zinatoka laini kuliko zangu.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa likimnyima usingizi Ta Kalisti. Kwa mila yetu kibanja na nyumba ni mali ya ukoo, na ukoo maana yake wanaume. Yeye hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mrithi alijulikana mapema: mdogo wake, Ta Gosbert, ambaye hakuwahi kushika msumeno ila kuuazima. Binti angeweza kupewa vitu vya kubebeka tu. Na wazee walikuwa na kanuni mbili fupi za kuamulia ugomvi. Kilichoshikamana na nyumba kinabaki na nyumba. Na kilichowekwa juu ya kitu hukifuata kitu hicho. Maana yake ni kwamba rafu zikihesabiwa ni za nyumba, basi randa, patasi, misumeno, keekee, vyote vilivyolala juu yake vinabaki kwa Ta Gosbert. Bila vyombo vile Adelina alikuwa mwanamke aliyerudishwa. Akiwa navyo alikuwa fundi.

Ndiyo sababu mzee alizipenda zile kabari kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kupenda vipande vya mti. "Rafu hizi hazijashika kitu," alimwambia Adelina mbele yangu. "Siku nikiondoka, gonga, beba, nenda zako. Hakuna tundu hata moja ukutani litakaloshuhudia dhidi yako." Tulicheka wote watatu. Mambo yalionekana yamekaa sawa.

Ndipo ujamaa ukaja kuturahisishia maisha.

Sisi wa Kaagya hatukuhamishwa, kwa sababu mibuni na migomba haipandi lori. Lakini tulitakiwa kufanya mambo pamoja, na kijiji kikajenga karakana ya pamoja, ya tofali la kuchoma na bati, yenye mlango mpana tulioutengeneza mimi na Adelina. Lilikuwa jengo zuri. Ndani hamkuwa na kitu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mkulima wa kahawa kama sisi, mtu mwema, aliyeiogopa wilaya kuliko alivyoogopa radi, na kwetu radi si mchezo. Wilaya ilikuwa imeuliza karakana ina nini. Mwenyekiti akaitisha mkutano akatangaza kwamba mafundi wote wataleta vyombo vyao, na kwa kuwa vyombo haviwezi kukaa sakafuni, Ta Kalisti ataleta na zile rafu zake maarufu.

Ta Kalisti akasimama. "Mwenyekiti, waitu," akasema, akitumia neno letu la heshima kwa unyenyekevu ule wa mtu anayejiandaa kukataa, "vyombo vyangu na rafu zangu ni kitu kimoja. Na rafu ni kitu kimoja na nyumba, nilizijenga pamoja. Ukitaka rafu, itabidi kijiji kivunje nyumba yangu. Kama ujamaa unasema hivyo, mimi sina neno."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema atakuja kujionea kwa macho yake.

Kabla hajafika tulikuwa tumefanya kazi yetu. Tulikaza kila kabari mpaka nguzo zikalia, kisha tukasiliba udongo kwenye miguu yote, tukaupaka chokaa kama ukuta mwingine, kabari zisionekane. Mwenyekiti akaja na nusu ya kijiji, Ta Gosbert akiwemo. Akatikisa nguzo. Akatikisa rafu. Akainama akatazama, akagonga ukuta kwa fimbo yake. Mwisho akavua kofia, akashika ubao wa juu kwa mikono miwili na kuning'inia, miguu ikiwa hewani, huku akitutazama kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu. Hakuna kilichosogea. Akajishusha, akajipangusa vumbi, akatangaza kwa sauti ya mkutano: "Nimeona. Hii si samani, hii ni nyumba. Ujamaa wetu hauvunji nyumba za watu." Makofi yakapigwa. Aliyepiga zaidi ya wote alikuwa Ta Gosbert, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani anafurahia ushindi wa kaka yake.

Walipokwisha kuondoka Ta Kalisti alikuwa anang'aa. Adelina hakucheka.

"Tata," akamwambia baba yake, "umesema mbele ya watu wote kwamba zimeshikamana na nyumba."

"Nimeziokoa, mwanangu."

"Umemwokolea nani?"

Mzee akakaa chini kwenye benchi. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akikaa juu ya benchi la kazi, jambo alilotukataza daima. Kukanusha hakukuwezekana. Akimwambia mdogo wake kwamba rafu zinabebeka, habari ingemfikia Mwenyekiti kabla ya chakula cha mchana. Kaagya hatukuhitaji redio. Akinyamaza, maneno yake yangekaa pale yakimngojea afe. Alinyamaza. Kila masika yakiisha alizunguka nguzo zake na nyundo, akabandua udongo, akakaza kabari, akasiliba tena. Nilimhurumia sana. Mtu mwerevu akijifunga kwa werevu wake hakuna wa kumfungua.

Tukirudi kwenye ufundi: hayo ya kukaza kila masika yakiisha msiyapuuze. Tofali bichi hunywa maji, hukauka, na kila mwaka ukuta hushuka kidogo. Usipokaza, rafu hulegea. Ukikaza, nguzo inapanda pale ukuta unapotua. Sisi tulidhani tunakaza rafu tu.

Ta Kalisti alifariki wakati kahawa inaiva, baada ya kuugua kifua. Tulimzika kibanjani. Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo wakaketi ndani ya nyumba yake, juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, kugawa alichoacha. Mwenyekiti alikuwepo pia, kwa kuwa serikali ya kijiji haikosi msibani. Kibanja na nyumba vikaenda kwa Ta Gosbert, na hakuna aliyetarajia vingine. Adelina akapiga magoti akasema baba yake alimpa rafu na vyombo vyote.

"Sikatai kwamba kaka alikupenda," Ta Gosbert akajibu kwa upole. "Lakini yeye mwenyewe alisema, na wote hapa tulimsikia. Rafu ni kitu kimoja na nyumba. Mwenyekiti aliyapima maneno hayo kwa uzito wa mwili wake. Mimi nani, waitu, nimfanye marehemu kaka yangu kuwa mwongo?"

Mzee wa ukoo, kikongwe asiyependa maneno mengi, akamgeukia Adelina. Ninyi mnaiona hali yake ilivyokuwa. Akikubali, anatoka pale mikono mitupu. Akionyesha kwamba nguzo zinatoka, anamshinda baba yake mdogo, lakini Mwenyekiti ameketi hatua chache kutoka kwake, na karakana ya kijiji bado haina hata msumari. Alimtazama Mwenyekiti. Kisha akasema, "Naomba nyundo."

Akabandua udongo mbele ya watu wote. Kabari zikaonekana, na pakatokea mnong'ono. Akagonga. Kabari haikutoka. Akagonga tena, kwa nguvu, na tena, na ile kabari ikakaa kimya kabisa. Ta Gosbert akatabasamu akitazama chini. Mimi sikuelewa. Adelina alielewa. Aliinua macho akatazama mtambaa panya, akaona paa sasa limezikalia nguzo za rafu, kisha akaniambia, "Novati, niletee mti mnene na kabari nyingine."

Tukausimamisha mti wa mkaratusi kando ya nguzo, chini ya boriti, tukaugongea kabari zake taratibu mpaka boriti ikainuka kiasi cha unene wa ukucha. Sasa akagonga kabari za baba yake, zikateleza nje kwa urahisi. Nguzo ya mvule ikaegemea bega lake. Vumbi likatuangukia kutoka darini. Mzee wa ukoo akaitazama nguzo, akautazama ukuta uliokuwa nyuma yake, safi, hauna tundu.

"Imebebeka," akasema. "Ni ya binti, na kilicho juu yake kinaifuata."

Hapo macho yote yakamwendea Mwenyekiti. Yeye alikuwa anatafuna kahawa. Alitafuna mpaka ikaisha. "Mwenyekiti," mzee akamwuliza, "una neno?"

"Mimi niliiambia wilaya kwamba rafu za Ta Kalisti haziondoki ukutani," akasema, "na wilaya ikakubali. Siwezi kurudi kuiambia kwamba zimeondoka. Watauliza nilikuwa nimening'inia kwenye nini." Akachukua punje nyingine ya kahawa. "Kwa hiyo hapa mimi sioni kitu. Nimekuja msibani."

Nguzo nyingine tulizitoa vivyo hivyo, na nilipotoka na ya mwisho begani Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni. Akanipisha, tena akaniambia niangalie nisigonge kizingiti cha juu.

Adelina aliacha ule mti wa mkaratusi pale pale. "Baba mdogo," akamwambia Ta Gosbert, "usiuondoe huu mpaka uweke nguzo mpya chini ya mtambaa panya, pande zote. Ukuta umechoka, na boriti sasa haiukalii tena."

"Umeshachukua vyombo," Ta Gosbert akajibu. "Usinifundishe nyumba yangu." Baada ya majuma machache mti ule ulionekana kibanjani, umetegemeza mgomba wenye mkungu mzito. Mgomba ulifaidika.

Adelina alikwenda Muleba, akapanga chumba Rubya, jirani na hospitali, na mimi na mke wangu tukamfuata, kwa sababu fundi hufuata vyombo. Tangu hapo mpaka nilipostaafu yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana, mimi fundi wake. Kuna waliocheka, mpaka walipohitaji vitanda na madawati. Paa la chumba kile lilikuwa juu mno kwa zile nguzo. Nilimshauri tuziache tuchonge mpya, au hizi tuzikate tuzifanye miguu ya benchi. Alikataa kabisa. Tukaziwekea matofali ya kuchoma chini ya miguu, marefu kama madhabahu, na wateja wakawa wanatuuliza ni mtindo wa wapi. Nguzo zile zilikatwa kwa urefu wa ukuta wa Kaagya na hazikupata kulingana na ukuta mwingine wowote. Nilidhani ni ukumbusho tu wa baba yake.

Methali ya ufa na ukuta mmeisoma shuleni. Mimi nimeiona. Miaka kadhaa ilipita, kisha mwaka mmoja, katikati ya masika, Ta Gosbert akashuka Rubya na mkungu wa ndizi na kibuyu cha rubisi. Alikuwa amezeeka kwa ghafla. Tukampa kiti, akala, akanywa, akatafuna kahawa, akauliza habari za kila mtu aliyemjua na wengine asiowajua. Kwetu mtu hasemi shida yake kabla ya kushiba, na siku hiyo Ta Gosbert alichelewa sana kushiba. Mwisho akasema, akiitazama sakafu, "Ukuta wa chumba cha kaka umetoa tumbo. Paa limelala. Watoto wangu nimewahamishia jikoni."

Nilimtazama Adelina. Nakiri nilitamani amjibu kama alivyojibiwa. Aliinuka, akaanza kushusha makopo kutoka kwenye rafu, akachomoa mikono, akagonga kabari. Nikamwambia, "Tuchukue miti ya mkaratusi, ipo tele." Akasema mkaratusi mbichi utapinda kabla hatujafika nyumbani kwetu, na kwamba tunazo nguzo kavu zenye urefu kamili wa ukuta ule, na mimi nijuaye kila kitu nimeshasahau.

Tulizipakia kwenye lori la kahawa. Tulipoingia ndani ya ile nyumba alisimama kidogo, maana alizaliwa humo, kisha akavua viatu akaanza kazi. Mawe bapa yalikuwa bado mahali pake. Tuliinua boriti kwa miti na kabari, taratibu, siku nzima, paa likilalamika, na nguzo zikaingia chini ya mtambaa panya zikalingana kama zilivyokatwa. Hatukuhitaji kupunguza hata unywele. Ta Gosbert alikuwa akitushikia timazi. Alipoona boriti imekaa na ukuta umepumua, machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Nikaandaa kabari. Adelina akatikisa kichwa. Akaingiza vipande vinene vya mvule chini ya miguu, visivyopishana, vya kukaa moja kwa moja. Kisha akapanda ngazi, akanyoosha mkono nimpe nyundo na msumari mrefu, ule wa kushika nguzo na boriti pamoja.

Ta Gosbert akamshika pindo la gauni. "Mwanangu," akasema, "ukipiga msumari hapo hutaweza kuzichukua tena. Zitakuwa za nyumba."

"Najua, baba mdogo," Adelina akasema, akauweka msumari sawa, akapiga.